Gita Langu na Sikio la Baba

Mtu hufanya kazi za namna mbili katika maisha yake. Ya kwanza ni kazi imlishayo, na ya pili ni kazi aipendayo. Wenye bahati huzipata zote mbili mahali pamoja. Lakini wengi wetu hatukujaliwa hivyo, nasi hula kwa mkono mmoja na kupenda kwa mkono wa pili. Mimi hula kwa chaki na kwa chai: siku za shule hufundisha hesabu, na siku za mapumziko huchuma majani katika shamba letu dogo. Kazi yangu ya pili ni gita. Halijanilipa senti hata moja, wala silidai. Hata hivyo nimelitumikia kwa miaka 30, jioni baada ya jioni, na katika utumishi huo nimekosea mara nyingi. Nataka kukusimulia, msomaji, makosa yangu zaidi kuliko mafanikio yangu; maana mafanikio ya mtu ni yake peke yake, lakini kosa lake laweza kuwafaa watu wengi.

Kwetu ni Merigi, katika nchi ya chai ya Bomet. Zamani sehemu hii ilihesabiwa katika Wilaya ya Kericho. Mwaka 1992 ikawa ya Wilaya ya Bomet, na tangu mwaka 2013 ni ya Kaunti ya Bomet. Ukifika kwetu alfajiri utawakuta wachumaji wamekwisha kuingia shambani, wamejifunga plastiki kiunoni ili umande usiwaloweshe, na makapu yamo migongoni. Kila mmoja hushika kichipukizi pamoja na majani mawili kwa kidole gumba na kidole cha shahada, hukata, kisha hutupa kapuni. Nakuomba uvikumbuke vidole hivyo viwili, kwa kuwa vitarudi katika habari hii. Majani hupelekwa kituoni, hupimwa, na lori huyachukua mpaka kiwandani. Malipo ya kila mwezi ni madogo. Lakini mara moja kwa mwaka huja bonasi, nayo ndiyo ingojewayo na mabati, na karo, na mahari.

Mwaka 1994, baada ya kumaliza kidato cha nne, nilichuma chai mwaka mzima nikingoja matokeo na nafasi ya kuendelea na masomo. Bonasi ilipolipwa, baba alinipa fungu langu. Alinipa bila maneno mengi, kwa kuwa jambo lenyewe lilikwisha kuzungumzwa: fedha zile zilikuwa za kununulia mtamba. Mtamba angekua, angezaa, na maziwa yake yangesaidia karo ya wadogo zangu wawili wa kike. Nilitumwa Kericho kwa shughuli nyingine, nikiwa na fedha zile mfukoni. Katika duka moja la vitu vikuukuu niliona gita limening'inia ukutani. Rangi yake ilikuwa imechubuka kifuani, na uzi mmoja ulikuwa umekatika. Sina udhuru wa kukupa. Niliingia dukani nikiwa na mtamba, nikatoka nikiwa na gita.

Nilifika nyumbani magharibi. Baba alikuwa uani akinoa panga. Alilitazama gita, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo iliniumiza kuliko kelele: "Mtamba hukamuliwa maziwa, mwanangu. Hicho kitakamuliwa nini?"

Sikuwa na jibu. Mama alijishughulisha na moto. Wadogo zangu walikuja kuligusa wakacheka, kwa kuwa hawakujua kwamba walichokuwa wakikigusa kilikuwa karo yao. Tangu usiku ule gita halikuwa chombo cha furaha tu kwangu, lilikuwa deni. Nilijiapiza kwamba nitajifunza kulipiga vizuri, ili siku moja swali la baba lipate jibu.

Wakati huo sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na kijitabu chembamba nilichokinunua kando ya barabara, kikieleza namna ya kushika gita, namna ya kulinganisha nyuzi zake, na namna ya kuweka vidole. Gita la kawaida, kama ujuavyo, lina nyuzi sita. Uzi mnene kuliko zote huitwa wa sita, na mwembamba kuliko zote huitwa wa kwanza. Tangu mnene mpaka mwembamba, sauti zake hutajwa kwa herufi E, A, D, G, B na E. Shingoni mwake vimelazwa vijiti vya chuma vilivyokingama. Ukibana uzi nyuma ya kijiti, unaufupisha, na sauti yake inapanda. Kijitabu kilisema hivi: bana uzi wa sita kwenye kijiti cha tano, kisha kaza au legeza uzi wa tano mpaka sauti zao ziwe sawa, fanya vivyo hivyo kwa nyuzi zinazofuata. Niliyasoma maneno "fanya vivyo hivyo", nikaona nimeelewa, nikakifunga kijitabu. Nilikuwa na haraka ya kupiga.

Miezi mitano ilipita katika taabu. Nyuzi za chuma zilinikata ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Nilikuwa nadhani kwamba mchumaji wa chai ana vidole vigumu, nami nikagundua kwamba sugu za chai ziko ubavuni mwa kidole, na sugu za gita hutakiwa nchani. Jembe moja halilimi mashamba yote. Lakini maumivu hayakunisumbua kama sauti ilivyonisumbua. Nilijifunza kubana sauti tatu au zaidi kwa pamoja, kama picha za kijitabu zilivyoonyesha, nikitazamia utamu, nikapata uchungu. Nilirudia. Nilivuta vidole karibu zaidi na vijiti. Nilikata kucha. Nilililaumu gita, nikamlaumu aliyeniuzia, na mwisho nikajilaumu mwenyewe kwamba sikuzaliwa na kipaji. Naam, msomaji, hilo ndilo shtaka ambalo mwanafunzi hulikimbilia upesi kuliko yote, kwa sababu likikubaliwa humwondolea kazi. Asiye na kipaji hana haja ya kujitahidi.

Jioni moja ya mvua nilikuwa nimeketi jikoni nikihangaika na mambo yale yale. Baba aliingia, akavua koti lililolowa, akaketi karibu na moto. Alisikiliza kwa muda. Tangu siku ya mtamba hakuwa amesema neno lolote juu ya gita, si zuri wala baya. Ghafula akasema: "Nyuzi nne ni za nyumba moja. Hizo mbili nyembamba ni wageni."

Nilimwuliza maana yake. Hakuweza kueleza kwa maneno mengine. Alinyosha kidole tu akaonyesha zipi. Baba yangu hakupata kusoma shule, wala hakuwa amelishika gita hata mara moja. Moyoni nilimdharau kidogo, Mungu anisamehe. Lakini usiku nilikifungua kijitabu nisome upya juu ya kulinganisha nyuzi, nami nikaona mstari ambao macho yangu yaliuruka miezi mitano nyuma. Baada ya maneno "fanya vivyo hivyo", kijitabu kiliendelea kusema: isipokuwa uzi wa tatu, ambao hubanwa kwenye kijiti cha nne. Mimi niliubana kwenye kijiti cha tano kama wenzake. Kwa hiyo uzi wa pili ulikuwa juu kuliko kipimo chake kwa nusu-hatua moja, na uzi wa kwanza, uliopimwa kwa huo wa pili, ulirithi kosa lile lile. Nyuzi nne zilikuwa za nyumba moja, na mbili nyembamba zilikuwa wageni, sawasawa kama baba alivyosema. Vidole vyangu havikuwa na hatia, wala gita, wala aliyeniuzia. Kosa lilikuwa katika msingi, nami nilikuwa nikipaka chokaa kuta.

Tangu usiku ule nilianza kuuliza sababu. Kwa nini uzi wa tatu upewe kijiti cha nne, na wengine wote cha tano? Swali hili moja ndilo lililonifungulia elimu ya muziki, nami nakushauri ulihesabu pamoja nami, maana halihitaji zaidi ya hesabu ya shule ya msingi. Tangu sauti moja mpaka sauti ileile ya juu yake, umbali unaoitwa oktava, kuna nusu-hatua 12, na kila kijiti cha gita ni nusu-hatua moja. Kutoka uzi wa sita mpaka wa tano ni nusu-hatua 5. Mpaka wa nne, 5. Mpaka wa tatu, 5. Mpaka wa pili, 4. Mpaka wa kwanza, 5. Jumlisha: ni 24, yaani oktava mbili kamili. Ndiyo sababu uzi mnene kuliko zote na uzi mwembamba kuliko zote hubeba herufi moja, E. Kama pangekuwa na tano tupu jumla ingekuwa 25, na nyuzi mbili za pembeni zisingepatana kamwe. Ile nne moja ndiyo inayoufunga mzunguko. Kanuni ambayo niliiona kama karaha ya kijitabu ilikuwa na akili ndani yake.

Nilipokwisha kurekebisha nyuzi, nilimpigia baba sauti zile zile. Alitikisa kichwa akasema: "Sasa zimepatana. Lakini bado hazijapendana." Neno hilo sikulielewa kwa miaka kadhaa. Nililielewa nilipokuwa chuoni najifunza ualimu, siku nilipochukua rula nikalipima gita langu.

Urefu wa uzi, tangu pale uanziapo kutetemeka mpaka pale uishiapo, ulikuwa sentimita 65. Kijiti cha 12 kilikuwa sentimita 32.5 tangu mwanzo, yaani katikati kabisa. Ukiukata uzi nusu, mitetemo yake huongezeka mara mbili: uzi wa tano, ambao ukiachwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde, ukibanwa katikati hutetemeka mara 220, nasi husikia sauti ile ile ikiwa oktava moja juu. Vijiti vilivyo kati ya hapo havikuwekwa kwa umbali ulio sawa. Husogeleana kadiri vinavyopanda. Kila kijiti huzidisha mitetemo kwa namba moja, 1.0595 hivi, ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mpaka iwe mara 12, unapata 2. Huo ni mpango mzuri, kwa kuwa hukuwezesha kuanza wimbo kwenye kijiti chochote upendacho na umbo lake lisiharibike.

Lakini mpango huo una gharama yake. Sikio la binadamu hupenda sana sauti ambazo mitetemo yake hulingana kwa hesabu nyepesi, kama 3 kwa 2, au 5 kwa 4. Kijiti cha saba hutoa 1.498 badala ya 1.5, tofauti ni ndogo hata ni taabu kuisikia. Kijiti cha nne hutoa 1.26 badala ya 1.25, hapo sikio lenye mazoea husikia kwamba sauti imezidi kidogo. Watengenezaji wa magita na vinanda walikubali dosari hiyo ndogo kila mahali, ili pasiwe na dosari kubwa mahali pamoja. Sauti zimepatana, kama watu wanavyopatana katika baraza, lakini hazijapendana. Nadhani ndilo alilolisikia baba, yeye aliyejifunza kusikiliza mahali ambapo hapakuwa na vijiti.

Hapo napaswa kukueleza mahali hapo ni wapi. Baba katika ujana wake alikuwa mpigaji wa chepkong. Hicho ni chombo cha nyuzi cha Wakipsigis, chenye bakuli lililowambwa ngozi na mikono miwili inayoshika mti wa juu ambao nyuzi hufungwa. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu. Hakina vijiti. Kila uzi una sauti yake moja, na mpigaji huzipanga nyuzi kwa sikio lake tu, aghalabu katika ngazi ya sauti tano. Nilikua nikijua kwamba baba aliwahi kuwa nacho, na kwamba kililiwa na mchwa kabla sijazaliwa. Sikupata kuuliza zaidi. Kijana hudhani kwamba wazee walianza kuishi siku aliyozaliwa yeye.

Na katika nchi yetu hii hii chepkong na gita vilikutana zamani, kabla yangu na kabla ya mtamba wangu. Mmarekani mmoja aitwaye Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, aliimba akipiga gita, na santuri zake zilisafiri mbali kuliko alivyosafiri yeye. Zilifika mpaka katika vilima vya Kericho. Watu walilisikia jina lake, wakalitamka kwa ulimi wao: Chemirocha. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Kapkatet na mitambo yake ya kunasa sauti, wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo juu ya huyo Chemirocha, wakisindikizwa na chepkong. Tracey aliandika kwamba walimwaza kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amekufa miaka 17 nyuma, wala hakujua kwamba kuna mahali paitwapo Kapkatet. Rekodi ile ilihifadhiwa Afrika Kusini, na baada ya miaka zaidi ya 60 nakala zake zilirudishwa kwa wenyeji.

Nimeitafakari sana habari hiyo. Wasichana wale hawakujifanya Wamarekani. Waliupokea muziki mgeni, wakaupa jina la nyumbani, wakautia katika nyuzi walizozijua. Jambo geni huwa letu tukilifanyia kazi, wala si kwa kulinunua tu. Mimi nilikuwa nimelinunua gita langu, lakini bado halikuwa langu.

Nilianza basi kulifanyia kazi, nami nitakueleza kwa kifupi namna yenyewe, huenda ikakufaa. Kwanza, nilijifunza kwenda polepole. Ukutani tulikuwa na saa iliyopiga mara 60 kwa dakika, nami nilipiga sauti moja kwa kila pigo la saa mpaka vidole vilipotii. Ndipo nikaongeza, mbili kwa pigo, na baadaye nne. Kidole kilichofundishwa haraka hujifunza kosa kwa haraka, na kosa lililozoewa huondoka kwa taabu kuliko lilivyoingia. Pili, dakika 20 kila siku zilinifaa kuliko saa tatu za Jumapili. Tatu, nilipoona kifundo cha mkono kinauma, niliacha kupiga nikachunguza sababu, nikakuta nimelishika shingo la gita kama mshikio wa jembe. Gita halilimi, hushikwa kama kitu kinachoweza kuruka.

Elimu ya sauti nayo nilijifunza kidogo kidogo. Ile ngazi ya do, re, mi ambayo labda umeiimba shuleni hupanda kwa nusu-hatua 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Jumlisha uone kama si 12. Ukichukua ya kwanza, ya tatu na ya tano ukazipiga pamoja, unapata mwafaka wa sauti. Ukijenga mwafaka juu ya sauti ya kwanza, juu ya ya nne na juu ya ya tano, utaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za shule, za kanisa na za dansi. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kwaya ya shule ilipewa wimbo uliokuwa juu mno kwa msichana aliyeongoza. Sauti yake ilikuwa ikipasuka, naye alikuwa amekwisha kukata tamaa. Miafaka yake ilikuwa C, F na G. Niliteremsha kila mmoja kwa nusu-hatua tatu, ikawa A, D na E, na wimbo ukamkaa kooni. Msichana alidhani nimefanya muujiza. Kumbe nilitoa tatu tu. Lakini niliona siku ile kwamba elimu ya muziki ni huduma: humwezesha mtu kuimba kwa sauti aliyopewa na Muumba wake, badala ya sauti ya mwingine.

Walimu wangu wengine walikuwa watu nisiowaona kwa macho. Mwaka 1952 huko Kongo, katika mji wa Jadotville ambao sasa huitwa Likasi, Tracey huyo huyo alinasa sauti ya gita la kijana Jean-Bosco Mwenda. Nilipoisikia kaseti ya wimbo wake uitwao "Masanga", niliamini kwamba wanapiga watu wawili. Kumbe ni mmoja, akitumia kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na shahada ikiimba kwenye nyembamba. Upande wa magharibi ya Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alisifika kwa mtindo uitwao omutibo, ambao gita huenda pamoja na chupa ya soda inayogongwa kwa mwendo usioyumba. Na kwetu Ukipsigis nani asiyemjua Kipchamba arap Tapotuk? Niliwasikiliza hao nikiwa na kaseti na subira. Vidole vile viwili, ambavyo tangu utotoni vilikata kichipukizi na majani mawili, vilikuwa ndivyo vidole vya Mwenda. Nilichukua miaka miwili kujifunza "Masanga", na hata leo siipigi kama yeye; lakini sasa najua ni wapi ninapopungukiwa, na kujua hilo si jambo dogo.

Sasa narudi kwa baba. Ilikuwa mwaka 2001, msimu wa mvua. Wadogo zangu walikwisha kumaliza shule. Karo yao ilitoka katika mshahara wangu wa ualimu, na kwa hiyo deni la mtamba nilikuwa nimelilipa, lakini kwa chaki, si kwa gita. Swali la baba lilibaki vile vile. Jioni hiyo nilikuwa nikipiga wimbo fulani, naye akanisimamisha kwa mkono. "Lete hicho chako," akasema.

Nilimpa. Alikipakata vibaya, kifua cha gita kikitazama juu. Kisha, bila kuniomba ruhusa, akaanza kuvilegeza vigingi. Nyuzi nilizozilinganisha kwa uangalifu alizivuruga moja baada ya moja, naye anasikiliza, anakaza, analegeza, anasikiliza tena. Moyo uliniuma, lakini nilinyamaza. Uzi wa sita aliuacha ulegee kabisa, kama asiyeuhitaji. Alipomaliza aliligonga gita kwa kiganja mara moja, akaanza kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada.

Sikupata kuusikia muziki ule. Ulikuwa muziki wa chepkong chake kilicholiwa na mchwa. Alipiga nyimbo tatu, akisita mahali fulani, akirudi nyuma kutafuta njia, mara akipata. Kijana wa leo angetoa simu mfukoni akanasa kila kitu. Mimi sikuwa na chombo chochote ila daftari la hesabu na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Nilipanga herufi za sauti, nikahesabu mapigo, nikaandika. Elimu niliyoikusanya kwa miaka saba, nikidhani kwamba naikusanya kwa ajili ya kupiga, kumbe ilikuwa kwa ajili ya kusikia. Sauti tatu kati ya zile tano ziliingia katika herufi zangu. Mbili hazikuingia, ziliangukia kati ya kijiti na kijiti, mahali ambapo gita halina jina. Hapo nilichora kishale kidogo kinachoelekea juu.

Baba aliponiona nimeinama aliacha kupiga. "Unaandika nini?" akauliza.

Nikamwambia: "Ndiyo maziwa yenyewe, baba."

Alinyamaza kidogo. Kisha akalikumbuka swali lake la miaka saba, akacheka mpaka akakohoa, na mama akaja kutazama kuna nini. Alipotulia akasema, "Haya, kamua," akarudia wimbo wa kwanza tangu mwanzo, polepole, ili niupate.

Baba amekwisha kufariki. Daftari lipo. Binti yangu hulitumia sasa, na siku ya kwanza alipofika kwenye vishale aliniuliza maana yake. Nilimwonyesha namna ya kubana uzi na kuusukuma kidogo kwa kidole, mpaka sauti ipande nje ya herufi na kufika pale babu yake alipoiweka. Ilimchukua muda kuipata. Hakuwa na kipimo ila sikio langu, nami sikuwa na kipimo ila kumbukumbu ya jioni moja.

Kwa hiyo, msomaji, kama umejaliwa kupata gita, au filimbi, au chombo chochote cha sauti, usione haya kwamba hukuanza mapema au kwamba hutalipwa. Soma mstari mpaka mwisho wake. Muziki ukikataa, kagua nyuzi kabla hujashtaki vidole, na kagua vidole kabla hujashtaki kipaji. Jifunze hesabu ya sauti, kwa maana itakuonyesha sababu. Na nyumbani kwenu akiwapo mzee aliyewahi kupiga kitu chochote, chukua daftari, uende ukaketi karibu naye jioni ya leo.